Barua ya Mwenyewe, Ufunguo wa Mwingine

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyosema wahenga, na kila mweka hazina, awe wa ushirika wa wakulima au wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, huyajua maneno hayo kwa moyo. Lakini wahenga hawakupata kuona daftari ambalo halikuliwa na mchwa, halikunyeshewa na mvua, wala halikuibwa na mtu, na bado halisomeki. Daftari la namna hiyo limezaliwa katika zama hizi, nalo hukaa ndani ya kompyuta.

Hebu itazamwe nyumba ya mweka hazina mmoja. Mama huyu huandika hesabu za kikundi chake katika kompyuta ya ofisi anayofanyia kazi, yenye programu ya kununuliwa. Benki imetaka jedwali la michango ya mwaka mzima pamoja na barua ya kuombea mkopo, na siku iliyowekwa ni Ijumaa. Mashine ya kuchapisha ya ofisi ni mbovu, kwa hiyo mama anampelekea mwanawe aliyeko mjini kazi hiyo kwa barua pepe, ili aichapishe na kuifikisha benki. Mwana naye hutumia programu nyingine, ya bure. Haipiti saa moja simu inalia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umezipata zile karatasi?”

“Nimezipata, lakini safu ya jumla haionekani. Mahali pa tarakimu pamejaa alama za reli tupu. Na barua imekwenda mpaka ukurasa wa pili. Huko juu yamebaki maneno mawili matatu na mahali pa kutia sahihi.”

“Mbona hapa kwangu ni ukurasa mmoja, na kila jumla iko mahali pake?”

“Huko kwako ni sawa, mama. Huku kwangu ndiko kulikoharibika.”

Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo lenyewe. Mama hakukosea kuandika, wala mwana hakukosea kufungua. Hata hivyo, afisa wa mikopo atakayezipokea karatasi hizo hataulizia habari za programu. Atakachokiona ni kikundi kisichojua kupanga hesabu zake, na mkopo wa akina mama waliochanga kwa jasho huenda ukakwama kwa sababu isiyowahusu. Yafaa basi msomaji ajue chanzo cha mkasa wa namna hii, watu walivyouzunguka katika miaka iliyopita, na hatua anazoweza kuzichukua yeye mwenyewe kabla ya Ijumaa yake kufika.

Kipimo cha sokoni

Sokoni kila mtu hulijua debe. Mnunuzi hamwulizi muuzaji debe lake lilitengenezwa na nani, kwa kuwa debe ni debe. Siku muuzaji atakapokuja na debe lenye kitako kilichoinuliwa, ugomvi utazuka, maana amekiacha kipimo cha wote na kutumia kipimo chake mwenyewe.

Kazi za ofisini nazo zina vipimo vya namna hiyo. Mwaka 1874 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Bern, Uswisi, wakaunda umoja wa posta ambao hata leo hufanya kazi kwa jina la Umoja wa Posta Duniani. Kwa mapatano yao, barua iliyolipiwa stempu katika nchi moja hupokewa na kufikishwa katika nchi nyingine bila ya mpokeaji kudaiwa upya. Karatasi ya A4 inayotumika katika ofisi nyingi ilianza kama kipimo cha Wajerumani mwaka 1922, na mwaka 1975 ikathibitishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO. Ndiyo sababu jalada lililonunuliwa katika duka lolote hulingana na karatasi iliyonunuliwa katika duka jingine.

Kiwango cha wazi maana yake ni hiyo tu: kanuni iliyoandikwa, ikatangazwa, na ambayo kila fundi anaruhusiwa kuifuata. Barua zinazoandikwa kwa kompyuta zilichelewa sana kupata kanuni hiyo.

Alama za siri

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta huhifadhi barua kama karatasi ilivyo, kana kwamba imepigwa picha. Sivyo. Kinachohifadhiwa ni maneno pamoja na maagizo: hapa herufi ziwe nzito, hapa aya iishe, hapa ianze safu ya jedwali. Kila aliyetengeneza programu alijichagulia alama zake za kuandikia maagizo hayo. Programu ya Word ya kampuni ya Microsoft ilitoka mara ya kwanza mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 mafaili yake yenye kikomo cha “doc” yakawa ndiyo barua za ofisi takriban kila mahali. Maelezo kamili ya alama zake, hata hivyo, hayakuwekwa hadharani kwa kila mtu mpaka Februari 2008.

Matokeo yake si vigumu kuyaelewa. Ofisi moja ikinunua toleo jipya, ofisi zinazoandikiana nayo hulazimika kununua pia, si kwa kupenda, bali kwa kushindwa kusoma barua zinazoletwa. Barua ni ya aliyeiandika, mawazo ni yake, na hesabu ni za kikundi chake. Lakini ufunguo wa kuifungulia umo mfukoni mwa mtu mwingine.

Haifai kusema kwamba kuuza programu ni wizi. Fundi hula kwa jasho lake, na kazi nzuri hulipwa. Jambo linalolalamikiwa ni jingine: anayenunua kabati hununua mbao na kazi ya seremala, hamkabidhi seremala nguo zitakazowekwa humo.

Kusikiliza mkahawani

Wako waliokataa kukaa wakingoja ufunguo. Mmoja wao ni Andrew Tridgell wa Australia, ambaye alipokuwa akisoma katika chuo kikuu cha taifa huko Canberra alianza, mnamo mwisho wa mwaka 1991 na mwanzo wa 1992, kuandika programu ambayo baadaye iliitwa Samba. Kazi yake ni kuziwezesha kompyuta za aina nyingine kugawana mafaili na mashine za kuchapisha pamoja na kompyuta zenye Windows. Mashine hizo za Windows zilikuwa zikizungumza kwa lugha ambayo mengi yake hayakuandikwa popote kwa ajili ya watu wa nje.

Tridgell aliieleza njia yake kwa mfano mwepesi. Mtu anayetaka kujifunza Kifaransa, na hana kitabu wala mwalimu, anaweza kwenda Ufaransa, akaketi mkahawani na kusikiliza. Huyu kaagiza kahawa, kaletewa kahawa. Yule kasema neno fulani, mtumishi kamletea mkate. Pole pole maneno hupata maana. Naye Tridgell alisikiliza mazungumzo ya mashine kwenye waya: hii imeuliza nini, ile imejibu nini. Kisha akajaribu kuuliza mwenyewe, akayaandika majibu. Hata jina lilipatikana kwa upekuzi. Jina la kwanza la programu hiyo lilikuwa na mwenyewe, basi akaiagiza kompyuta imtafutie katika orodha ya maneno yale yenye herufi s, m na b, na miongoni mwa yaliyotokea limo “samba”.

Kusikiliza huko kulifanya kazi, lakini kuna kikomo. Palipoongezwa neno jipya, msikilizaji alianza tena. Mwezi Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497, na pamoja na mambo mengine iliiamuru itoe maelezo ambayo yangeziwezesha seva za wengine kuzungumza na mashine zake. Kampuni ilikata rufani, na Septemba 2007 mahakama ya Ulaya ikauthibitisha uamuzi huo. Mwezi Desemba mwaka huo huo maelezo hayo yalipatikana kwa ajili ya watu wa Samba kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Kazi iliyokuwa ya kutegea sikio kwa miaka kumi na mitano ikawa ya kusoma kitabu.

Upande wa barua na majedwali, jitihada kama hiyo ilifanywa na mafundi wa programu ya StarOffice, iliyozaliwa Ujerumani. Kampuni ya Sun ya Marekani iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikayatoa maandishi ya ndani ya programu hiyo kwa watu wote, kwa jina la OpenOffice. Mwaka 2010 wengi wa waliokuwa wakiitunza waliendelea na kazi hiyo kwa jina la LibreOffice. Kwa kuwa ilikuwa wazi, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden waliweza kuitafsiri bila kumbembeleza mtu, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, yenye amri zake kwa Kiswahili.

Kuyasoma mafaili ya siri ilikuwa kazi ya subira. Fundi huandika barua ya neno moja na kuihifadhi. Kisha hulifanya neno lile kuwa zito, huhifadhi tena, halafu hulinganisha mafaili mawili ili aone ni wapi palipobadilika. Kazi hiyo hurudiwa kwa mistari, kwa picha, kwa majedwali, mara maelfu. Anayefungua leo barua ya mwaka 1997 kwa programu ya bure na akaikuta karibu ilivyokuwa, anavuna jasho hilo.

Upana wa herufi

Sasa irudiwe simu ya mama na mwanawe. Ule ukurasa wa pili na zile alama za reli zilitoka wapi?

Aghalabu chanzo ni herufi. Kuanzia mwaka 2007 programu ya Microsoft ilitumia herufi zinazoitwa Calibri kwa kila barua mpya, isipokuwa mwandishi achague nyingine. Herufi hizo zina mwenyewe, na haziruhusiwi kunakiliwa ovyo katika kila kompyuta. Barua ikifika mahali zisipokuwapo, mashine huazima herufi nyingine. Tuseme hizo za kuazima ni pana kwa sehemu moja tu ya ishirini. Mstari uliokuwa ukibeba herufi 80 sasa utabeba 76. Ukurasa wenye mistari 40 utakuwa na herufi 160 zisizo na pa kukaa, yaani mistari miwili na zaidi. Basi mahali pa sahihi husukumwa mpaka ukurasa wa pili.

Katika jedwali athari yake ni nyingine. Neno lisipoenea katika kisanduku hukatwa, lakini tarakimu zikikatwa zitadanganya: 1,250,000 ikionekana kama 1,250 ni msiba. Kwa hiyo programu huficha tarakimu zote na kujaza alama za reli, ili ionekane kwamba nafasi haitoshi. Jumla ya mama ilikuwapo wakati wote. Safu ilikuwa nyembamba tu, na mwana angeipanua kidogo ingejitokeza.

Dawa ya tatizo hili ni mojawapo ya kazi za busara zilizofanywa na watu wa programu huria. Waliunda herufi zenye sura yake zenyewe, lakini kila moja ina upana ule ule wa ile inayoiwakilisha. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa herufi za Liberation, zinazolingana kwa upana na Times New Roman, Arial na Courier New. Mwaka 2013 zikatoka Carlito, inayolingana na Calibri, na Caladea, inayolingana na Cambria. Mashine yenye herufi hizo huivunja mistari pale pale ilipovunjwa na mwandishi. Hakuna aliyeibiwa, na barua husalia ukurasa mmoja. Tangu mwaka 2023 kampuni ilianza kuiondoa Calibri katika nafasi yake na kuweka Aptos, kwa hiyo barua za siku hizi huja na herufi nyingine tena, na msomaji asiyezijua atashangaa upya.

Februari yenye siku 29

Kisa kingine kinaonyesha jinsi kosa la mmoja linavyoweza kuwa sheria ya wote. Programu za majedwali huhesabu tarehe kwa siku, kuanzia mwaka 1900. Katika kalenda, mwaka unaofunga karne hauwi mrefu isipokuwa ugawanyike kwa 400. Mwaka 2000 uligawanyika, nao ulikuwa na Februari ya siku 29; mwaka 1900 haukugawanyika, na Februari yake ilikuwa na siku 28. Lakini Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyotoka mwaka 1983, iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu. Excel ilipokuja ililichukua kosa hilo kwa makusudi, ili majedwali ya Lotus yafunguke humo bila tarehe kuhama.

Wale wa programu huria walifanya nini? Walianza hesabu yao siku mbili kabla ya Januari mosi, yaani tarehe 30 Desemba 1899. Kwa ujanja huo tarehe zote tangu Machi mosi 1900 hulingana na za Excel, na wao hawakulazimika kuandika siku ambayo haikuwapo duniani. Mtu anayeandika tarehe za kuzaliwa za wajukuu wake hatagundua lolote. Hata hivyo, maandishi ya kanuni yaliyopelekwa kuthibitishwa mwaka 2006 yalilibeba kosa hilo kama utaratibu wa kufuatwa.

Kanuni kuandikwa na kanuni kufuatwa

Maana mwishowe kanuni ziliandikwa, tena mbili. Mwaka 2006 ISO iliithibitisha ile inayoitwa ODF, ambayo mafaili yake ya barua huishia na “odt” na ya majedwali huishia na “ods”. Mwezi Desemba mwaka huo huo Microsoft ilipata kibali cha shirika la Ecma kwa kanuni yake yenyewe, ambayo mafaili yake huishia na “docx” na “xlsx”. Maandishi yake yalizidi kurasa 6,000. Ndani yake mlikuwa na maagizo ambayo maana yake ni kwamba nafasi za maneno zipangwe kama zilivyopangwa na Word ya mwaka 1995, pasipo kueleza Word hiyo ilizipangaje. Fundi aliyeambiwa ashone kanzu kama ya fulani, na hajapata kumwona huyo fulani, atashona nini?

Kanuni hiyo ilishindwa katika kura ya Septemba 2007, ikarekebishwa, ikapita mwaka 2008. Afrika Kusini, Brazili, India na Venezuela zilikata rufani, nazo rufani zikakataliwa. Tangu hapo dunia ina madebe mawili, na yote mawili yamepigwa mhuri.

Yaliyotokea Aprili 2009 yanafaa kukumbukwa na kila mweka hazina. Microsoft ilitoa marekebisho yaliyoiwezesha programu yake kufungua mafaili ya ODF, na watu wakashukuru. Lakini majedwali yaliyotoka katika programu nyingine yalipofunguliwa katika Excel, tarakimu zilionekana na hesabu zilizozizaa zikatoweka. Jumla ilibaki kama namba kavu. Mchango mpya ukiongezwa, jumla haikusogea. Kampuni ilijitetea kwamba kanuni ya wakati huo haikueleza namna ya kuandika hesabu, na kweli haikueleza kwa ukamilifu. Wengine wote walikuwa wamekubaliana kwa desturi tu. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2011 katika toleo la 1.2, na matoleo ya baadaye ya Excel yakalifuata. Fundisho lake ni kwamba kanuni isiyosema neno huacha mlango, na mwenye kutaka kupita atapita.

Serikali nazo zimejaribu. Jimbo la Massachusetts la Marekani liliamua mwaka 2005 kuhifadhi maandishi yake kwa kanuni za wazi. Uingereza iliichagua ODF mwezi Julai 2014 kwa barua zinazoandikwa na ofisi kwa pamoja. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani lilitangaza Aprili 2024 kwamba watumishi wake wapatao 30,000 watahamia LibreOffice. Lakini jiji la München, ambalo hadi mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta zaidi ya 14,000, liliamua mwaka 2017 kurudi lilikotoka. Kuhama peke yako, na huku majirani wote wanakupelekea barua za debe jingine, ni mzigo mzito. Kipimo humfaa mtu pale tu kinapokuwa cha soko zima.

Yafaayo kufanywa nyumbani

Mwananchi hana kura katika mikutano ya ISO, lakini ana mamlaka juu ya karatasi zake. Mambo yafuatayo hayahitaji fedha wala elimu kubwa.

Kwanza, atofautishe karatasi ya kusomwa na karatasi ya kuandikwa pamoja. Barua ya maombi, risiti, na jedwali la kupelekwa benki ni za kusomwa. Hizo zihifadhiwe kwa namna ya PDF, ambayo ni kiwango cha ISO tangu mwaka 2008, na herufi zake zibebwe ndani yake. Ukurasa hautahama.

Pili, karatasi ya kuandikwa na watu wawili au zaidi, wenye programu mbalimbali, ihifadhiwe kwa “odt” au “ods”. Hata programu ya kununuliwa ina uwezo huo tangu mwaka 2009. Ni kuchagua tu katika orodha inayotokea wakati wa kuhifadhi. Baada ya hapo faili lifunguliwe tena na kukaguliwa, kwani mapambo mengine huweza kubadilika.

Tatu, achague herufi zinazopatikana kote au zenye pacha, na asisukume ukurasa ujae mpaka mstari wa mwisho. Anayeacha nafasi ya mistari mitatu chini hatafukuzwa na herufi pana. Safu za jedwali nazo ziwe na upana wa kutosha.

Nne, asipange ukurasa kwa kubonyeza nafasi tupu mara ishirini. Majina na tarakimu viwekwe katika jedwali, na ukurasa mpya uanzishwe kwa amri yake. Nafasi tupu ndizo za kwanza kuvunjika ugenini.

Tano, akipokea barua pepe yenye kiambatisho kiitwacho “winmail.dat”, asidhani kwamba ametumiwa uchafu. Hilo ni furushi ambalo programu ya Outlook hulifunga kwa namna yake, ingawa kanuni ya wazi ya kufunga viambatisho, iitwayo MIME, ipo tangu mwaka 1992. Amwombe aliyetuma abadilishe namna ya barua iwe ya maandishi ya kawaida au ya HTML, kisha atume tena.

Sita, mafaili ya zamani ayabadilishe wakati programu ya kuyafungulia ingali hai, huku akiitunza nakala ya asili. Kwa karatasi za kudumu, kama vyeti, hati za shamba na wosia, kuna PDF/A, iliyothibitishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi maandishi miaka mingi. Na nakala ya karatasi iwekwe kabatini, kwa kuwa karatasi haiulizi programu.

Saba, faili la “docx” au “odt” likigoma kabisa, iko njia ya dharura. Mafaili hayo kwa hakika ni vifurushi vya aina ya “zip”. Nakala yake ikibadilishwa mwisho wa jina na kuwa “zip”, hufunguka kama kifurushi, na ndani yake, katika “document.xml” au “content.xml”, maneno ya barua huonekana yakiwa yamechanganyika na alama. Sura itapotea, lakini maneno yatapona. Faili lile la zamani la “doc” halina rehema hiyo.

Ijumaa

Mama wa kikundi alilifungua jedwali lake tena, akapanua safu ya jumla, akahifadhi nakala mbili: moja ya PDF kwa ajili ya benki, na moja ya “ods” kwa ajili ya mwanawe, ili mwaka ujao waendelee kuandika wote wawili. Barua ikatoka ukurasa mmoja, sahihi mahali pake, na kila tarakimu ikaonekana. Kazi hiyo haikumchukua hata robo saa. Yaliyochukua muda mrefu ni yale ya mafundi waliokaa miaka wakisikiliza, wakipima upana wa herufi na kuhesabu siku za Februari, ili robo saa hiyo iwezekane.

Kikundi chenye busara hakiachi ufunguo wa sanduku lake la fedha kwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Sanduku la vikundi vingi lina kufuli tatu, na wenye funguo ni watatu. Si kwamba wanachama hawaaminiani. Wanajua tu kwamba mtu husafiri, huugua, na hubadili nia. Kampuni nazo ni hivyo hivyo: huuzwa, hufungwa, na hubadili bei. Kabla ya juma kwisha, kila mwenye daftari ndani ya kompyuta na ajiulize swali moja: ikiwa programu hii haitakuwapo kesho, nani ataweza kuyasoma maandishi yangu? Akikosa jibu, aanze na faili moja leo.